Earl Sutherland: Aliyemgundua mjumbe wa ndani ya seli

KWA miaka mingi madaktari walijua kwamba mtu anaposhtuliwa gizani, tezi zilizo juu ya figo zake humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, nalo ini huanza kutoa sukari ili misuli ipate nguvu ya kupambana au kukimbia. Kilichowashinda ni kueleza namna kemikali hiyo, ambayo hulifikia ini ikiwa kidogo mno, inavyoweza kuiamuru ogani nzima ibadili kazi yake kwa muda mfupi.

Jibu la fumbo hilo lilipatikana katika maabara moja ya mji wa Cleveland, Marekani, katikati ya miaka ya 1950. Aliyeongoza kazi hiyo ni Dk. Earl Wilbur Sutherland, mtoto wa mwenye duka la vitambaa kutoka mji mdogo wa mashambani.

Sutherland alionyesha kwamba adrenalini haina haja ya kuingia ndani ya seli ili itii wito wake. Hufikisha ujumbe kwenye utando wa nje, kisha ndani ya seli hutengenezwa mjumbe mwingine ambaye huupokea ujumbe huo na kuusambaza.

Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1971. Hata hivyo, uzito wake umezidi kuonekana baada ya yeye kufariki dunia Machi 9, 1974, hasa katika utafiti wa ubongo.

Ni kwa kuifuata njia aliyoifungua ndipo wataalamu wameweza kueleza jinsi dawa, sumu za vimelea na hata dawa za kulevya zinavyoongeza au kupunguza kazi ya neuropeptidi. Hizo ni minyororo mifupi ya asidi za amino ambayo seli za neva huitumia kupelekeana habari. Jambo la kushangaza ni kwamba nyingi ya kemikali hizo hufanya hivyo bila kuzigusa neuropeptidi zenyewe.

Kijana wa Burlingame

Sutherland alizaliwa Novemba 19, 1915 katika mji wa Burlingame, jimbo la Kansas, akiwa mtoto wa tano kati ya sita. Baba yake alikuwa amejaribu kilimo katika majimbo ya New Mexico na Oklahoma kabla ya kuhamia Burlingame na kufungua duka. Tangu utotoni Earl alipenda sana kuvua samaki, burudani ambayo hakuiacha hata alipokuwa profesa mwenye jina.

Ujana wake uliangukia katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, ambao haukuiacha salama akiba ya familia yake. Alipojiunga na Chuo cha Washburn mjini Topeka mwaka 1933, ilimbidi ajitafutie sehemu ya ada kwa kufanya kazi hospitalini. Alihitimu mwaka 1937, na mwaka huo huo akamwoa Mildred Rice.

Kutoka hapo alikwenda kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis. Huko alikutana na mtu aliyegeuza mkondo wa maisha yake, Profesa Carl Cori, aliyekuwa akifundisha elimu ya dawa.

Cori na mkewe Gerty, wote wawili wazaliwa wa Prague, walikuwa wakichunguza jinsi mwili unavyoweka akiba ya sukari kwa umbo la glikojeni na jinsi unavyoitoa akiba hiyo inapohitajika. Mwaka 1940 Cori alimchukua mwanafunzi huyo kuwa msaidizi katika maabara yake.

Sutherland alipata shahada ya udaktari mwaka 1942, wakati dunia ikiwa vitani. Alitumikia jeshi kama daktari wa kikosi chini ya Jenerali George Patton barani Ulaya, kisha akafanya kazi katika hospitali ya kijeshi nchini Ujerumani.

Aliporejea St. Louis mwaka 1945 alikuwa njia panda. Moyo mmoja ulimtaka awe daktari wa kutibu wagonjwa, mwingine ulimvuta kwenye utafiti. Cori alimshawishi abaki maabara, naye akabaki. Miaka miwili baadaye, mwaka 1947, Carl na Gerty Cori walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Funguo mbili, ghala moja

Glikojeni ni mfano wa nafaka iliyowekwa ghalani. Ini huitunza, na njaa au hatari inapofika, kimeng'enya kiitwacho fosforilasi huanza kuikatakata ili sukari iingie katika damu. Sutherland alitaka kujua ni nani anayekipa kimeng'enya hicho amri ya kuanza kazi.

Mwaka 1948 yeye na mtafiti kutoka Ubelgiji, Christian de Duve, walichapisha kazi kuhusu kitu kinachotoka katika kongosho na kupandisha kiwango cha sukari katika damu. Kitu hicho ndicho glukagoni, homoni ambayo ni peptidi, mnyororo wa asidi za amino 29.

Hapo likazuka swali zito. Adrenalini ni molekuli ndogo sana, ilhali glukagoni ni mnyororo mrefu, na kwa umbo havifanani hata kidogo. Hata hivyo, vyote viwili vililifanya ini litoe sukari. Funguo mbili tofauti zilikuwa zikifungua ghala moja, na hakuna aliyejua kwa nini.

Mwaka 1953 Sutherland alihamia Chuo Kikuu cha Western Reserve mjini Cleveland, akiwa mkuu wa idara ya elimu ya dawa. Huko, yeye na Walter Wosilait walibaini kwamba fosforilasi ya ini huwa hai inapofungiwa fosfeti, na hulala fosfeti hiyo inapoondolewa. Wakati huo huo Edmond Fischer na Edwin Krebs, wakifanya kazi Seattle, walikuwa wakipata majibu yanayoelekea huko katika misuli.

Lakini bado ilibaki pengo kati ya homoni iliyo nje ya seli na kimeng'enya kilicho ndani. Ili kuliziba, Sutherland alilazimika kwenda kinyume na imani iliyotawala taaluma yake.

Ini lililosagwa

Imani hiyo ilikuwa kwamba homoni hufanya kazi katika seli nzima tu. Ukiivunja seli, ilidhaniwa, umeua kile kile unachotaka kukichunguza. Majaribio mengi ya kuonyesha kazi ya homoni katika seli zilizovunjwa yalikuwa yameshindwa, na kwa mtafiti aliyekuwa na idara ya kuongoza, kuendelea na njia hiyo ilikuwa ni kuhatarisha miaka ya kazi.

Sutherland aliendelea. Pamoja na Theodore Rall, na baadaye Jacques Berthet kutoka Ubelgiji, alisaga maini ya mbwa na paka, akayaongezea ATP na magnesiamu ambavyo seli huvihitaji kwa kazi zake, kisha akatia adrenalini au glukagoni. Fosforilasi iliamka, ingawa hapakuwa na seli hata moja iliyo nzima.

Watafiti hao wakaenda hatua nyingine. Waliuzungusha mchanganyiko huo kwa kasi katika mashine hadi vipande vizito, vikiwemo vipande vya utando wa seli, vikazama chini na kuacha majimaji maangavu juu. Walipotia homoni katika majimaji hayo peke yake, hakikutokea kitu. Waliporudisha vipande, homoni ilifanya kazi tena.

Ndipo walipofanya jaribio lililoamua mambo. Walichanganya homoni na vile vipande peke yake, wakaacha kwa muda, halafu wakauchemsha mchanganyiko huo na kuchukua maji yake. Maji hayo yalipomiminwa katika majimaji maangavu yasiyo na vipande, fosforilasi iliamka.

Maana yake ilikuwa wazi. Homoni ilifanya kazi yake kwenye utando, na hapo kikazaliwa kitu kingine kilichokwenda kuamsha kimeng'enya. Kwa kuwa kitu hicho kilistahimili kuchemshwa, kilikuwa molekuli ndogo, wala si protini ambayo ingeharibiwa na joto. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1957.

Barua mbili

Kilichobaki ni kukipa kitu hicho jina. Sutherland alimwandikia Leon Heppel, mtaalamu wa vimeng'enya katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, akimweleza juu ya molekuli ngeni iliyopatikana katika ini na kumwomba msaada wa kuichanganua.

Karibu na wakati huo Heppel alipata barua nyingine, kutoka kwa mwanakemia David Lipkin wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis. Lipkin hakuwa akishughulika na ini wala homoni. Alikuwa ameunguza ATP kwa kemikali yenye bariamu na kupata molekuli ambayo hakuitarajia.

Heppel alizisoma barua hizo mbili na kuhisi kwamba waandishi wake, ambao hawakujua wanachofanya wenzao, walikuwa wakieleza kitu kimoja. Aliwakutanisha, na dhana yake ikathibitika. Molekuli hiyo ilikuwa saikliki AMP, inayotokana na ATP, ambayo fosfeti yake imejikunja na kujiunga tena na molekuli yenyewe kwa umbo la pete.

Kimeng'enya kinachoitengeneza, ambacho hukaa katika utando wa seli, kikaitwa adenili saiklesi. Homoni ikahesabiwa kuwa mjumbe wa kwanza, na saikliki AMP ikawa mjumbe wa pili. Fumbo la funguo mbili na ghala moja likafumbuka: adrenalini na glukagoni hugonga milango tofauti, lakini nyuma ya milango hiyo anasubiri mjumbe yule yule.

Mjumbe anayeuawa

Nadharia hiyo haikupokewa kwa shangwe. Wengi waliona ni muhali kwamba molekuli moja ndogo itumikie homoni nyingi zenye kazi mbalimbali. Kama mjumbe ni mmoja, waliuliza, ini linajuaje kwamba limeambiwa litoe sukari, na figo inajuaje kwamba imeambiwa izuie maji?

Jibu la Sutherland na wenzake lilikuwa kwamba tofauti haimo katika mjumbe, bali katika nyumba anayoingia. Kila aina ya seli ina milango yake nje na mitambo yake ndani. Ujumbe ule ule husomwa kwa namna tofauti kulingana na kilichomo katika seli husika.

Ili kuondoa shaka, aliweka masharti. Homoni yoyote isingehesabiwa kutumia saikliki AMP mpaka ionekane kwamba inapandisha kiwango cha molekuli hiyo katika seli husika, inaiamsha saiklesi katika utando uliovunjwa, kazi yake inaongezwa na dawa zinazozuia molekuli hiyo kuharibiwa, na kwamba saikliki AMP ikitiwa peke yake inaleta matokeo yale yale.

Sharti la tatu lilitokana na ugunduzi mwingine muhimu. Waswahili husema mjumbe hauawi, lakini ndani ya seli kanuni ni kinyume chake. Mara tu mjumbe wa pili anapotengenezwa, vimeng'enya viitwavyo fosfodiesterasi huanza kumharibu, na bila hivyo amri ya dakika moja ingegeuka kuwa amri ya siku nzima.

Mwaka 1962 Sutherland na R. W. Butcher walieleza kimeng'enya cha namna hiyo na kuonyesha kwamba huzuiwa na kafeini na teofilini, kemikali za jamii moja zinazopatikana katika kahawa na chai. Kwa kiasi anachokunywa mtu wa kawaida, kafeini humchangamsha zaidi kwa kuziba vipokezi vya adenosini katika ubongo. Lakini katika maabara kemikali hizo ziliwapa watafiti njia ya kumwongezea mjumbe maisha, na teofilini imetumika kwa miaka mingi kutibu pumu.

Mwaka 1963 Sutherland alihamia Chuo Kikuu cha Vanderbilt mjini Nashville, ambako alipata nafasi kubwa zaidi ya utafiti na mzigo mdogo wa kufundisha na kuongoza. Mwaka huo huo, baada ya ndoa yake ya kwanza kuvunjika, alimwoa Claudia Smith.

Miaka miwili baadaye yeye na Maynard Makman waliripoti kuiona saikliki AMP katika bakteria wa aina ya E. coli. Hapo ikadhihirika kwamba mjumbe huyo si wa wanyama peke yao, bali ni wa kale kuliko homoni zenyewe.

Kutoka ini hadi ubongo

Tangu mwaka 1962 kundi la Sutherland lilikuwa limeripoti kwamba saiklesi imeenea katika ogani nyingi, na kwamba ubongo ni miongoni mwa zilizo na kiasi kikubwa. Wakati huo umuhimu wa jambo hilo haukuwa bayana. Ubongo hauweki akiba kubwa ya glikojeni, sasa mjumbe huyo alikuwa akifanya nini humo?

Sehemu ya jibu ni kwamba neuropeptidi nyingi hupeleka ujumbe kwa njia yake. Vasopresini, ambayo hutengenezwa katika ubongo, huishikisha figo maji kwa kupandisha saikliki AMP katika seli za figo. Somatostatini, peptidi inayozuia kutolewa kwa homoni ya ukuaji, huishusha.

Sehemu ya pili ni nzito zaidi, nayo ilijulikana wakati Sutherland hayupo tena. Saikliki AMP haipeleki tu ujumbe wa neuropeptidi, bali inaweza kuamua neuropeptidi hizo zitengenezwe kwa kiasi gani.

Mwaka 1986 Marc Montminy na wenzake nchini Marekani waliripoti kipande kifupi cha DNA kilicho kando ya jeni ya somatostatini, ambacho huitikia saikliki AMP. Mwaka uliofuata ikaripotiwa protini inayokishika kipande hicho, ambayo hujulikana kwa jina la CREB. Saikliki AMP inapopanda, huamsha kimeng'enya kinachoifungia CREB fosfeti, nayo CREB huruhusu jeni isomwe na peptidi itengenezwe.

Kwa hiyo kemikali yoyote inayomwongeza au kumpunguza mjumbe wa pili inaweza kubadili kiasi cha neuropeptidi, hata kama haijawahi kukutana nayo. Mfano unaotajwa sana ni forskolini, ambayo mwaka 1981 ilielezwa kuwa huiamsha saiklesi moja kwa moja bila kupitia mlango wowote wa homoni. Watafiti waliitumia kuiamsha jeni ya somatostatini katika seli zilizooteshwa maabara.

Forskolini hutolewa katika mizizi ya mmea wa jamii ya koleusi uliotumika katika tiba za jadi za India. Mmea wa spishi hiyo huota pia Afrika Mashariki, na Wakikuyu nchini Kenya huujua kwa jina la maigoya. Nguvu ya forskolini maabara haina maana kwamba mmea huo ni dawa ya kujinywea nyumbani, kwani kitu kinachomwamsha mjumbe huyo huweza kumwamsha katika moyo, tumbo na ubongo kwa pamoja.

Fundisho la arosto

Mfano mwingine ni mchungu zaidi kwa wakazi wa miji ya pwani ya Afrika Mashariki. Heroini ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa mofini, ambayo hukalia milango iliyowekwa kwa ajili ya peptidi za mwili zenye kazi ya kutuliza maumivu. Baadhi ya peptidi hizo, ziitwazo enkefalini, zilitambuliwa mwaka 1975 huko Aberdeen, Scotland, na John Hughes na Hans Kosterlitz.

Mwaka huo huo Shail Sharma, Werner Klee na Marshall Nirenberg walionyesha kwamba mofini hupunguza saikliki AMP katika seli zilizooteshwa maabara. Seli zikikaa na dawa hiyo kwa muda mrefu, hujirekebisha kwa kuongeza uwezo wa saiklesi hadi kiwango cha mjumbe kirudi karibu na kawaida.

Dawa inapoondolewa ghafla, saiklesi hiyo iliyoongezeka hubaki bila breki na mjumbe hufurika. Hali hiyo imewasaidia wataalamu kueleza sehemu ya mateso ambayo watumiaji wa heroini nchini Tanzania huyaita arosto. Kwa maelezo hayo, kuacha dawa si suala la nia peke yake, kwa kuwa seli zenyewe zimepangwa upya.

Kokeini nayo hupita njia ndefu. Huzuia kurudishwa kwa dopamini ndani ya seli za neva, dopamini iliyobaki nje huongeza saikliki AMP katika baadhi ya seli, CREB huamshwa, na matokeo yake ni kuongezeka kwa dainorfini, neuropeptidi ambayo utafiti wa wanyama umeihusisha na hali ya kukosa raha. Hatua ya kwanza ni starehe na ya mwisho ni majonzi, na katikati yupo mjumbe wa Sutherland.

Sumu inayomzuia mjumbe kupumzika

Katika historia ya mjumbe huyo hakuna somo lililogusa maisha ya watu wengi kuliko kipindupindu. Bakteria wa ugonjwa huo hutoa sumu ambayo huingia katika seli za utumbo na kuzifanya zitengeneze saikliki AMP bila kukoma. Seli humwaga chumvi na maji, na mgonjwa anaweza kupoteza uhai kwa saa chache kutokana na kuishiwa maji.

Namna sumu hiyo inavyofanya kazi ilieleweka vizuri baada ya kazi ya Alfred Goodman Gilman. Gilman alivutwa kwenda Cleveland na Sutherland mwenyewe, lakini alipofika mwaka 1962 Sutherland alikuwa akijiandaa kuondoka, hivyo akasoma chini ya Rall. Baadaye Gilman aliitambua protini inayosimama kati ya mlango wa homoni na saiklesi, na mwaka 1994 yeye na Martin Rodbell wakapewa Tuzo ya Nobel. Sumu ya kipindupindu huishika protini hiyo hiyo na kuifanya isizimike.

Zaidi ya hayo, ipo neuropeptidi moja, iitwayo VIP kwa kifupi, ambayo huamsha saiklesi ya utumbo kwa njia ya kawaida. Uvimbe wa nadra unaoitoa kwa wingi huleta kuharisha kunakofanana na kipindupindu ingawa hakuna bakteria. Sumu na neuropeptidi, ambazo hazina undugu wowote, hukutana kwa mjumbe mmoja, kama zilivyokutana adrenalini na glukagoni katika ini la mbwa.

Tiba iliyookoa wagonjwa wengi nayo ni nyepesi. Ni maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo maalumu, kwa sababu njia ya utumbo inayoingiza glukosi pamoja na chumvi haiharibiwi na sumu hiyo. Maji hayo hayamnyamazishi mjumbe, bali humweka mgonjwa hai mpaka seli zilizoathirika zibadilishwe na mpya.

Miaka mitatu baada ya Nobel

Mwaka 1970 Sutherland alipata Tuzo ya Lasker ya utafiti wa msingi wa tiba. Oktoba 1971 Taasisi ya Karolinska ya Stockholm ilimtangaza kuwa mshindi pekee wa Nobel ya fiziolojia au tiba, na mwaka 1973 akapokea Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani.

Mwaka huo wa 1973 alihamia Chuo Kikuu cha Miami. Hakukaa sana. Machi 9, 1974 alifariki dunia kutokana na kuvuja damu nyingi kwenye umio, akiwa na umri wa miaka 58.

Orodha ya waliopita katika mkondo wake ni ndefu. Ferid Murad, aliyesoma Cleveland chini yake na Rall, alishiriki Nobel ya mwaka 1998 kwa kazi ya oksidi ya nitriki. Krebs na Fischer walipata yao mwaka 1992, na mwaka 2000 zamu ikawa ya watafiti wa ubongo, akiwemo Paul Greengard, ambaye aliwahi kufanya kazi Vanderbilt, na Eric Kandel, aliyeonyesha nafasi ya saikliki AMP katika kumbukumbu ya konokono wa baharini.

Sutherland hakuishi kuziona enkefalini zikitambuliwa, wala hakuisikia CREB. Hakujua kwamba swali lake kuhusu sukari ya ini lingekuja kueleza uraibu, kumbukumbu na hali ya moyo wa binadamu.

Alichoacha ni tahadhari pamoja na ufunguo. Kwa kuwa mjumbe ni mmoja na nyumba ni nyingi, dawa inayomlenga mahali pamoja inaweza kuitikiwa pengine pasipotarajiwa. Mgonjwa wa pumu anapovuta salbutamoli, saikliki AMP hupanda katika misuli ya njia za hewa na pumzi hufunguka, lakini mikono yake huweza kutetemeka na moyo wake kwenda mbio. Ni mjumbe yule yule, akibisha hodi katika nyumba ya pili.